Kutembelea bustani ya mimea ya chuo kikuu iliyopangwa kwa familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huku Malindi ukishajulikana kuwa unatembeza wageni magofu ya Gede na mikoko ya Mida basi wewe ndo mtu wa miti, kwa hivyo kila mwenye mtoto aliyepata nafasi ya kusoma Uingereza, ama anayeenda kumuangalia dadake aliyejifungua huko, lazima apitie kwangu aniulize kuhusu hizi bustani za vyuo. Maswali ni yale yale, nimeyakusanya hapa. Mifano mingi ni ya Cambridge manake ndo niliyoizoea, dadangu anakaa huko, ya Oxford na Italia naitaja palipo na haja. Nikisema "angalia chini" usinikasirikie, sitaki tu kuandika kitu kimoja mara tatu.

## Mwanzo kabisa

Bustani ya mimea ya chuo ni nini hasa? Si paki tu hiyo?

Ukitaka kukaa kwenye nyasi ule sambusa zako utakaa, lakini ile si paki. Kila mmea pale una namba na rekodi, umeandikwa ulitoka wapi na mwaka gani, na upo kwa ajili ya kufundishia na utafiti. Zamani zilikuwa shamba la dawa la madaktari wanafunzi, wanaoneshwa mmea wenyewe ili kesho wasimpe mgonjwa jani la sumu. Wataliano wa hapa Malindi watakwambia zilianzia kwao na ni kweli, ya Pisa ilianza 1544 ikaja ikahamishwa, ya Padova ilianza 1545 na mpaka leo iko pale pale, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 1997. Oxford ilifuata 1621. Cambridge hii ya sasa ilifunguliwa 1846.

"Imepangwa kwa familia" manake nini?

Manake mimea haikupangwa kwa rangi wala kwa urefu wala kwa uzuri wa maua. Imepangwa kwa undugu. Tuta hili lote ni la ukoo mmoja, tuta linalofuata ukoo mwingine, na koo zilizo karibu zimewekwa karibu. Ndo maana mtu akiingia mara ya kwanza anaweza kuona vurugu, mmea mrefu kando ya mfupi, ua la kupendeza kando ya kitu kama gugu la shambani. Si vurugu. Wamewekwa pamoja kwa sababu maua yao, mbegu zao, na sikuhizi DNA zao, zinasema ni ndugu.

Ujanja wenyewe ndo huu nitaurudia mpaka mchoke: usiende pale kukariri majina, nenda na mimea ya kwenu kichwani halafu tafuta ndugu zao.

Mimi sijasoma bayolojia, nitaambulia chochote?

Utaambulia kuliko hao waliosoma, kama umewahi kumenya bamia na kutwanga iliki. Nimetembea na watu wenye digrii wanasoma vibao tu kama wanasoma matangazo ya vifo. Halafu mama mmoja wa Shela alikunja jani, akanusa, akasema "huyu ni wa kina kotmiri", na kibao kikamkubalia.

Cambridge na Oxford, niende ipi?

Kama una siku moja tu na unataka kuona huu mpango wa familia ulivyochorwa, Cambridge. Ina hekta kama 16 na sehemu ya matuta ya familia ni kubwa, karibu familia 80 na aina kama 1,600 za mimea inayovumilia baridi ya nje. Aliyeianzisha ni profesa John Stevens Henslow, yule mwalimu wa Charles Darwin, na ndiye aliyempendekeza Darwin apande ile meli ya Beagle 1831.

Oxford ni ndogo sana, hekta 1.8 hivi, lakini imebanwa ndani ya kuta za mawe za kale na inatembeleka kwa masaa mawili bila kuchoka. Kuna mti mmoja pale ulipandwa 1645 na bado umesimama. Ukiwa na mzee ama mtoto anayelialia, Oxford ni rahisi zaidi.

## Kabla hujatoka

Niende mwezi gani?

Mei mpaka Julai. Hapa watu wengi wa kwetu wanapotea kwa sababu sisi miti yetu iko kijani mwaka mzima, kaskazi ije kusi ije, sasa mtu anaenda Januari anakuta matuta ni udongo mtupu na vibao vimesimama kama makaburini. Mimea mingi ya kwenye matuta ni ile inayokufa juu winta na kuchipuka tena kutoka mizizini. Agosti na Septemba bado pazuri, hasa kama unapenda kuona matunda na mbegu, na kwa kujifunza familia mbegu zinasaidia kuliko maua wakati mwingine.

Ukibanwa uende winta, kaa kwenye nyumba za vioo. Humo ni joto na unyevu kama Malindi ya mwezi wa nne, miwani itafunga ukungu ukiingia tu.

Tiketi ni ngapi na nanunua wapi?

Bei hubadilika, chungulia tovuti yao wiki ile ile unayoenda na ununue onlaini ukiweza. Malipo ni kwa kadi. Mwanafunzi wa chuo chenyewe anaingia bure na kadi yake ya chuo, kwa hivyo kama mwanao anasoma pale usikubali akwambie hana pesa ya kwenda. Cambridge inafunguliwa saa nne asubuhi kwa kuhesabu kwetu (10.00 kwao), na kufunga kunategemea msimu, winta wanafunga saa kumi jioni, msimu wa joto saa kumi na mbili. Nyumba za vioo zinafungwa mapema kidogo kuliko bustani, kwa hivyo usiziache za mwisho. Siku za Krismasi hapafunguliwi.

Nafikaje?

Cambridge: treni kutoka King's Cross pale London, ile ya haraka ni kama dakika 50, halafu unatembea dakika kumi tu kutoka stesheni, unaingilia lango la Station Road. Usichukue teksi, ni kutupa pesa.

Oxford: treni kutoka Paddington, kama saa moja, halafu basi ama miguu mpaka mwisho wa High Street. Bustani inatazamana na mnara wa Magdalen College, na ukitaja hilo jina ujue wao wanalitamka "Modlin", usije ukamuuliza mtu njia akakushangaa.

Nivae nini?

Viatu vya kutembea na koti la mvua hata kama jua linawaka. Buibui haina shida, ila njia nyingine ni changarawe na nyasi zenye umande, pindo litalowa. Na vaa nguo za kuvulika, kwa sababu ya zile nyumba za vioo.

Nina mamangu mzee anatumia kiti cha magurudumu, na watoto wadogo?

Njia kuu zinapitika. Kwenye matuta yenyewe kuna nyasi, na nyasi zikilowa magurudumu ni kazi kweli, kwa hivyo chagua siku kavu. Cambridge watoto wanaofuatana na familia wanaingia bure. Wape watoto kazi ya kutafuta, si ya kusikiliza: "nitafutieni shina la pembe nne" (angalia chini), watakimbia saa nzima na wewe utapumzika. Mbwa haruhusiwi isipokuwa wa kumuongoza asiyeona, nawataja kwa sababu kuna watu waliniuliza kuhusu najisi.

Swala na chakula?

Kwa Cambridge umerahisishiwa. Msikiti mkubwa wa Cambridge uko Mill Road, ulifunguliwa 2019, na mwenye kupenda miti asiukose, manake nguzo zake ni za mbao zimepinda juu zikashikana matawi kwa matawi, na mbele una bustani yake yenyewe. Kutoka bustani ya chuo kwa miguu haifiki nusu saa ukitembea kiume. Hiyo hiyo Mill Road ina maduka na mikahawa ya halali.

Angalia nyakati lakini. Mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hivyo adhuhuri, alasiri na magharibi zinakimbizana, na ukizubaa kwenye tuta moja utakosa. Msimu wa joto ni kinyume, una mchana mrefu usioisha. Ndani ya bustani kuna mkahawa, keki zao nzuri, uliza viungo. Wengine tunabeba vyetu.

## Ukishaingia

Nianzie wapi?

Cambridge, usikimbilie matuta. Kuna njia inayopanda kidogo kidogo mpaka jukwaa, panda kwanza uone ramani nzima kutoka juu. Utaona katikati kuna sehemu imezungushiwa michongoma, humo ndani ndo mimea yenye jani-mbegu moja, na nje yake pote ni wenye majani-mbegu mawili, wamegawanywa na michongoma mingine. Aliyefuatwa ni mtaalamu wa Uswisi aitwaye Augustin Pyramus de Candolle.

Sasa hilo la jani-mbegu usiliogope, ulilifanya darasa la nne ulipootesha maharage kwenye pamba. Haragwe linatoka na vipande viwili, hindi linatoka na kijani kimoja kimechongoka. Mnazi, mgomba, mpunga, muwa, tangawizi, ukindu, wote ni kina hindi, ukiangalia jani mishipa inaenda sambamba. Mwembe, mkwaju, muhogo, mnyanya, hao ni kina haragwe, mishipa imesambaa kama wavu. Ukilijua hilo tu umeshaigawa bustani mara mbili.

Kibao nakisomaje?

Neno linaloishia na -aceae ni jina la familia. Jina la maneno mawili, lililolala upande, ndo jina la mmea kwa mtindo wa 1753 wa Linnaeus, yule Msweden aliyepanga majina ya mimea: la kwanza ukoo mdogo, la pili la kwake peke yake. Halafu nchi ama eneo ulikotoka, na namba ya rekodi. Hiyo namba kwako haina kazi, ila ukitaka kuwaandikia kuuliza kitu, ipige picha pamoja na mmea, watakujibu haraka.

Nitafute familia gani kwanza?

Hapa sasa ndo penyewe. Hizi ndo zangu, na nimezichagua kwa sababu kila mtu wa Malindi na Lamu ana mmoja wao nyumbani.

Lamiaceae, kina mrehani. Nanaa, mrehani, kivumbasi. Lisokote shina la nanaa polepole kati ya kidole gumba na cha shahada utasikia pembe nne, si duara. Majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, na wawili wanaofuata wamegeukia upande mwingine. Ukisugua, harufu. Pale Cambridge tuta lao lina nyuki mpaka unasikia mvumo kabla hujafika. Shina la pembe nne likija na harufu, hujakosea sana.

Malvaceae, kina bamia. Chukua ua la bamia ama hibiskasi, angalia katikati, ule mlingoti unaotoka nje na vumbi la poleni pembeni, ni vijiti vya kiume vimeungana vikawa bomba. Na ulenda. Bamia lina ulenda, mlenda wenyewe ndo usiseme, na wote ni familia hii. Humu humu kuna pamba, msufi, kakao, na mbuyu, ndio, mbuyu. Uingereza utawakuta kwa maua marefu yanayosimama kando ya kuta.

Fabaceae, kina kunde. Kunde, choroko, mbaazi, mkwaju, na mbambakofi ule wa kuchongea milango ya Lamu. Ua la kunde lina jani moja pana la nyuma, mawili ya mbawa, na mawili ya chini yaliyoshikana yakafanya mkuku kama wa jahazi. Mkwaju na mbambakofi maua yao hayako hivyo, lakini ganda la mbegu linawafichua, la mbambakofi ukilipasua lina mbegu nyeusi zimevaa kofia nyekundu. Ndani ya nyumba za vioo za Cambridge kuna mmoja wao kutoka Ufilipino, anatambaa, anaangusha vishada vya maua ya rangi ya feruzi ambayo huiamini mpaka uione. Ndugu yake kunde huyo.

Lythraceae. Hii ndo naipenda kuliko zote. Mhina, mkomamanga, na mlilana ule wa mikokoni, familia moja. Bi harusi anapakwa hina kutoka kwa ukoo ule ule wa mti uliosimama baharini. Uingereza ndugu yao ni mmea mrefu wa maua ya zambarau unaoota kando ya mito, Lythrum salicaria, ukiuona msalimie.

Oleaceae: asumini ya kikuba na mzeituni ni ndugu. Annonaceae: langilangi na stafeli ni ndugu, na hawa nje hutawaona kule, baridi itawaua. Piperaceae: tambuu na pilipili manga.

Solanaceae, kina nyanya: biringani, pilipili mbuzi, mbatata, mnavu, tumbaku. Ua la nyanya lina ncha tano na katikati vijiti vya njano vimesimama pamoja. Familia hii ina chakula cha dunia nzima na ina wauaji, pale kwenye tuta utamkuta Atropa belladonna na matunda yake meusi yanayong'aa kama ya kuliwa.

Mimea yetu ya pwani nitaikuta?

Kwenye matuta ya nje, hapana, utakuta jamaa zao wa nchi za baridi. Mgomba, kahawa, muwa na kakao viko ndani ya nyumba za vioo. Usitarajie ukubwa wa huku, na usicheke mgomba wao mbele yao, wanautunza kama yai.

Naruhusiwa kugusa, kunusa, kuchuma, kuonja?

Kugusa taratibu na kunusa, sawa. Kuchuma, hata jani, hapana: lile jani lina rekodi na labda mtafiti analihesabu. Kuonja, hapana kabisa, na si kwa ajili ya adabu tu. Watu wetu wana mazoea ya kutafuna jani ili walijue, hayo mazoea yaache eropoti. Familia ya kotmiri, giligilani, bizari nyembamba na karoti ndiyo hiyo hiyo yenye Conium maculatum, mmea wa sumu uliomuua Sokrati, na jani lake linafanana na la karoti. Wengine wa familia hiyo maji yao yakikugusa halafu ukae juani unababuka.

Mbona tuta moja limejaa magugu na wafanyakazi wanapita tu?

Huenda gugu lenyewe ndo mwanafamilia. Familia ya alizeti, Asteraceae, imejaa wa namna hiyo. Oxford wana kisa maarufu: kimmea cha maua ya njano kutoka mlima Etna kule Sisilia kilitoroka bustanini kwao, kikapenda kokoto za reli, kikasafiri na treni mpaka kikaenea Uingereza, na mpaka leo kinaitwa kwa jina la Oxford.

## Maswali magumu kidogo

Mikoko yote ni familia moja?

La. Watu wa Lamu hunibishia sana hapa, na wana haki ya kubisha manake zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kwao na wamekata boriti tangu babu na babu. Lakini "mikoko" ni kazi, si ukoo. Kenya ina aina tisa na zimetoka koo tofauti, kila moja ilishuka baharini kivyake.

Mkoko wenyewe, muia na mkandaa, hao watatu kweli ni ndugu, Rhizophoraceae. Mlilana nimeshausema juu, ni wa kina hina. Mkomafi ni wa kina mwarobaini na mkangazi, Meliaceae. Msikundazi ni wa kina bamia na mbuyu. Kikandaa ni wa kina mkungu. Mchu ni Acanthaceae, na mchu ukitaka kuutambua, pindua jani siku ya jua kali uangalie kwa karibu, utaona chumvi imekauka juu yake kama vumbi la sukari. Unatoa chumvi kwa jani, wakati mkoko unaizuia huko huko mizizini. Shida moja, majibu tofauti, kwa sababu wazee wao tofauti.

Pilipili manga na pilipili mbuzi je?

Hawajuani. Manga ni Piperaceae, mbuzi ni Solanaceae. Hata ukali wao si wa dawa moja. Vivyo hivyo viazi vitamu na mbatata: kiazi kitamu ni ndugu wa ule mtambaazi wa maua ya zambarau ulioko ufukweni Watamu na Che Shale, mbatata ni wa kina nyanya.

Nimeona mmea unafanana kabisa na wa kwetu lakini familia si yenyewe, wamekosea?

Hawajakosea, ni mazingira yanafinyanga. Kakati ya Amerika na mnyaa wetu, ukitazama mbali ni wale wale, vyote vinene, vya kijani, vina miiba ama havina majani. Mnyaa ukiukwaruza unatoa maziwa, na ni ndugu wa muhogo na mbono. Kakati haitoi maziwa hayo. Mvinje nao, watu wanauita msonobari kwa sababu ya vile vinyuzi na vitunda vya mbao, ila mvinje ni mmea wa maua, vile vinyuzi ni vitawi, na majani ni vimeno vidogo mno vilivyozunguka kila kifundo. Vuta kimoja kitakatika kwenye kifundo utaona.

Kitabu changu kinasema mbuyu ni Bombacaceae, wewe unasema Malvaceae. Nani mkweli?

Kitabu chako cha zamani. Mbuyu na msufi walikuwa na familia yao, mchu ulikuwa ukiwekwa kwingine, halafu wataalamu walipoanza kusoma DNA wakapanga upya. Kundi lao linaitwa APG, walitoa mpangilio wa kwanza 1998 na wa nne 2016, una familia 416 za mimea ya maua. Oxford walipanga upya matuta yao kufuata hayo. Cambridge ramani ya matuta imebaki ile ya karne ya 19, kwa hivyo kuna jirani pale ambao leo wasingekaa pamoja. Mimi naona ni sawa, ukipindua vibao vyote kila baada ya miaka kumi utaua na mimea.

Kama mmea ni ndugu wa dawa, nao si dawa?

Ndugu wa dawa anaweza kuwa dawa, anaweza kuwa sumu, anaweza kuwa hana lolote. Familia inakwambia dawa ya aina gani kuna uwezekano ikawemo, basi. Mfano ulio karibu ni mkorosho: embe unakula na ganda unatupa, korosho ni ndugu yake na mafuta ya ganda lake yanachubua mikono ya wanaobangua, na Marekani wana mtambaazi wa familia hiyo hiyo ambao ukikugusa tu unavimba. Kuna watu huku hata utomvu wa embe unawatoa vipele mdomoni, sasa mjue ni kwa nini. Msitengeneze dawa kwa kusoma vibao.

Naweza kuleta mbegu ama mche nyumbani?

Wa kuokota bustanini, hapana (angalia jibu la kuchuma). Wa kununua, unahitaji kibali cha kuingiza kutoka KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, kabla hujaleta, na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi unayotoka. Watu hudhani ni urasimu. Mdudu mmoja ndani ya udongo wa mche anatosha kumaliza shamba la mtu Gongoni. Na kupeleka kule ni hivyo hivyo, mche wa asumini wa dadako usiufiche kwenye viatu.

Sina safari yoyote, niko Malindi tu. Nifanye nini?

Fanya zoezi lile lile hapa, tena una mimea hai ya mwaka mzima. Mida kuna daraja la mbao linaloingia mikokoni, nenda maji yakiwa yamekupwa, ukamilishe orodha ya hapo juu kwa macho yako. Gede magofu yamezungukwa na msitu, UNESCO wameuingiza mji ule kwenye urithi wa dunia 2024, na wageni wengi wanatazama kuta tu miti wanaipita.

Hapo hapo Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulianza 1993, wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi na kuuza pupa, yaani kiwavi akishajifunga kwenye ganda kabla hajawa kipepeo. Hao ndo walimu wa familia za mimea na wala hawatumii neno -aceae. Kiwavi anachagua ukoo: yule wa kipepeo mkubwa mweusi na njano, Papilio demodocus, anataka kina ndimu na mchungwa, mpe majani ya ukoo usiomfaa atakaa na njaa mpaka afe. Mfugaji akikosea familia hana mshahara.

Nina mmea siujui, nani wa kuniambia jina?

Nitumie picha, lakini si ya mti mzima kutoka barabarani. Nataka jani juu na chini, jinsi majani yalivyotoka kwenye tawi, ua kwa karibu, tunda likiwepo lililopasuliwa, na sarafu kando nione ukubwa. Uniambie pia kama unatoa maziwa ukiukata, na umeuona wapi. Ikinishinda, kuna hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki pale makumbusho ya taifa Nairobi, wao wanataka tawi lililokaushwa kwenye gazeti, likiwa na ua ama tunda, na maelezo ya mahali na tarehe. Tawi la majani matupu watakurudishia.